Hesabu ya Dalmas

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Mercyline alikuwa na historia mbaya katika masuala ya misiba. Kufikia kidato cha tatu alikuwa amekwisha kuwazika babu watatu, ingawa Mungu kwa kawaida humgawia mtu wawili tu, na wote walikuwa wamefariki siku ya Ijumaa, muda mfupi kabla ya ruhusa za wikendi kuandikwa. Kwa hiyo mama yake, Dorca, alipopiga simu shuleni kusema kwamba mwanawe Dalmas amepotea baharini, naibu wa mwalimu mkuu alimsikiliza kwa utulivu, akamjulisha kwamba safari hii mzaha umepitiliza, akakata simu. Dorca akapiga tena. Akakatiwa tena. Mwishowe naibu alisikia, katika ukimya wa upande wa pili, kitu ambacho hakuna mwanafunzi anayeweza kukiigiza. Akaenda mwenyewe bwenini, akamwita Mercyline, na njiani kuelekea ofisini akamshikia mkoba.

Hapo ndipo Mercyline alipojua. Naibu hakuwa mtu wa kumshikia mwanafunzi mkoba.

Dalmas alikuwa kaka yake wa pekee. Alikulia Dunga, ufuoni mwa ziwa karibu na Kisumu, ambako joto huozesha samaki kabla mnunuzi hajamaliza kulalamikia bei, na labda ndiyo sababu alipokua alikwenda kusomea samaki wanaoishi chini ya barafu, kusini kabisa mwa dunia. Maji ya kule ni baridi kiasi kwamba ngege wa Dunga angeganda akawa kama kipande cha ubao. Lakini samaki wa kule damu yao ina kitu kinachozuia barafu isishike, na wengine damu yao haina hata wekundu, inapita mishipani kama maji ya kuoshea mchele. Watu wa Dunga walipoelezwa haya na Dalmas, walitafakari kwa muda unaostahili, kisha wakauliza swali moja: wanaliwa?

Dalmas hakuwala. Aliwahesabia kromosomu. Alimweleza Mercyline kwa simu kutoka melini, sauti ikija na kuondoka: ndani ya kila seli mna vijiuzi vilivyobeba urithi wote wa kiumbe. Ukiikamata seli wakati inajigawa, ukaidondosha kwenye kioo na kuipaka rangi, utaviona vijiuzi hivyo vimetawanyika kama omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa juani, na utaweza kuvihesabu. Samaki aliokuwa akiwachunguza, vitabu vyote vilisema wana arobaini na nane, dume kwa jike. Dalmas, katika ghuba moja tu, alipata madume wenye arobaini na saba. Vijiuzi viwili vilikuwa vimeungana kuwa kimoja.

"Sasa?" Mercyline akauliza.

"Sasa hao wameanza safari yao, wewe. Wanajitenga na jamaa zao polepole. Kama fulu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walivyoanza wachache wakawa mamia ya aina."

"Halafu mbuta akaletwa akawala."

"Wewe huwezi kuacha kitu kizuri kikae, ama?"

Lakini hakuwa akicheka sana. Profesa aliyemsimamia huko ng'ambo alikuwa ameziangalia picha zake, akaona vijiuzi vimelaliana, akatoa hukumu ya maneno mawili: umehesabu vibaya. Tena akayasema mbele ya wenzake wote. Dalmas alinuia kurudi na seli hizo Kisumu, azihesabu upya pamoja na Daktari Ndung'u, mwalimu wake wa kwanza, yule aliyemfunza kazi hiyo kwa kutumia fulu.

Wiki iliyofuata alitoka na boti ndogo ya mpira kwenda kuinua mitego. Upepo ukageuka. Walimtafuta mpaka hali ya hewa ikawafukuza.

Begi la nguo zake lilifika Kisumu siku ya Jumanne, na pamoja nalo kisanduku cheupe cha plastiki alichokuwa amekifunga mwenyewe kwa utepe. Ndani mlikuwa na vichupa, vidogo kama kidole cha mtoto mchanga, kila kimoja na maji kidogo yanayonuka siki na, chini kabisa, mashapo meupe. Mashapo hayo ndiyo yaliyokuwa seli. Hazikuwepo nyingine. Ghuba ile ilikuwa imefungwa na barafu, na hakuna meli iliyokuwa na mpango wa kurudi kule kumtetea kijana wa Dunga.

Jioni hiyo Mchungaji Wandera alikuja kupanga mazishi. Alikaribishwa kwenye kochi, kando ya kitu kirefu kilichofunikwa leso, naye akidhani ni mtoto amelala, akaomba kwa sauti ya chini sana. Aliposema amina, leso iliteleza, akajikuta anatazamana na tunda kubwa la mti wa yago.

"Hiki ni nini?" akauliza.

Dani Akello, bibi yao, alijibu kwa Dholuo. Mercyline akatafsiri, maana Dani hakuwahi kujisumbua na Kiswahili. Kiswahili, husema, kilikuja kikamkuta, na yeye hakumtuma mtu kukiita. "Anasema huyo ni Dalmas."

Kwa watu wa ziwa, aliyepotelea majini asipatikane huzikwa yago badala yake, kwa sababu lina urefu na uzito wa kutosha kulidanganya kaburi. Dani alikuwa ameagiza lile kutoka kingo za mto kule Ahero, akalichagua zito kuliko yote.

"Mwambie Dani," akasema Mchungaji, "kanisa halina ibada ya kuzika tunda."

"Muulize kanisa lake lina ibada ya kuzika hewa?"

"Mama," Mchungaji akajaribu tena, "tunaweza kuzika nguo zake."

"Nguo huvaliwa na mtu yeyote. Tazama."

Wote wakatazama. Dorca alikuwa ameketi kwenye kona, amevaa lile koti zito la barafuni lililotoka kwenye begi, zipu imefungwa hadi kidevuni, jasho likimtiririka usoni. Tangu mchana hakuna aliyethubutu kumwambia alivue.

Dani akanyoosha kidole kwenye kisanduku. "Kile alikifunga kwa mkono wake?"

"Ndiyo, Dani," akasema Mercyline.

"Ndani mna kitu kilichowahi kuwa hai?"

"Ndiyo. Ni samaki. Ni vipande vidogo sana vya samaki."

"Basi tutamzika na hicho. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichokilinda."

Mchungaji Wandera akapima hali. Sanduku lililofungwa si tunda. Na mtu asiyeuliza kilichomo hawezi kulaumiwa na askofu. Akakubali. Yago likapelekwa nyuma ya jiko.

Lakini Daktari Ndung'u alikuwapo pia, amekaa mlangoni na kofia magotini. Alikuwa ameishi Kisumu miaka mingi bila kujifunza Dholuo zaidi ya hesabu, kwa sababu ndiyo lugha ya kununulia samaki. Akainuka.

"Mercyline, niombee kwa Dani. Mwambie wasikizike bado. Mwambie wakubwa wa Dalmas wanasema alihesabu vibaya, na ushahidi wote wa dunia hii umo humo ndani. Nipewe nafasi nihesabu. Matone machache tu."

Dani alisikiliza tafsiri hadi mwisho. Uso wake ulibadilika.

"Wanasema mjukuu wangu hajui kuhesabu? Huyu aliyekuwa akimhesabia mama yake ndoo za omena hata kabla hajaanza shule?"

"Ndivyo wanavyosema, Dani."

"Na kama akihesabu huyu, watamwamini?"

"Daktari anasema wataziona picha. Hawatakuwa na budi."

"Basi ahesabu. Mazishi ni Jumamosi. Siku hiyo asimame mbele ya watu wote aniambie alichokiona. Sitaki mtoto wangu ashuke chini na jina hilo."

Tatizo lilikuwa stima. Mvua za wiki hiyo zilikuwa zimelipasua transfoma la Milimani lililoilisha maabara ya Daktari, na bila stima hapakuwa na hadubini kubwa wala friji. Kampuni ya umeme iliahidi kurekebisha kufikia Ijumaa. Kukaa siku hizo, alisema Daktari, si neno, mradi vichupa vikae penye baridi na visifunguliwe. Ufuoni Dunga stima bado ilikuwapo, kwa hiyo kisanduku kikawekwa ndani ya friza ya samaki ya Dorca, na Mercyline akakabidhiwa ulinzi.

Kesho yake asubuhi stima ya Dunga nayo ikaenda. Kufikia saa nne Mercyline aliinua kifuniko cha friza akawakuta ngege wa mama yake wanaelea kama waliopewa maisha mapya, na kisanduku ni cha uvuguvugu. Kiwanda cha barafu kilikuwa kimesimama pia. Alikichukua, akapanda boda hadi mjini, akazunguka. Hoteli ya kwanza ilinusa siki ikamwonyesha mlango. Duka la nyama lilitaka kujua ni nyama gani. Kwenye duka la dawa alijitahidi kueleza, na msichana wa kaunta aliposikia maneno "seli za samaki wa mbali" akamwita meneja.

Ndipo aliposikia, nyuma ya ukuta mrefu uliopakwa chokaa, jenereta likinguruma bila kupumzika. Ilikuwa mochari.

Mhudumu aliyetoka alivaa gambuti na aproni ya plastiki, na jina lake, Mathews, lilikuwa limeandikwa kwa kalamu kifuani. Alikitazama kisanduku.

"Siste, hapa tunapokea watu tu. Hii si friji ya soda."

Mercyline alikuwa na uso mmoja maalumu. Ulikuwa umewazika babu watatu bila kutingishika. Akauvaa.

"Ni kaka yangu," akasema. "Alipotelea baharini kule kwenye barafu. Hiki ndicho tu kilichopatikana."

Akatoa simu, akamwonyesha barua iliyotoka melini, yenye nembo na Kiingereza kingi cha kuhuzunisha. Mathews aliisoma polepole, midomo ikitembea. Kisha akavua glavu.

"Alikuwa anaitwaje?"

"Dalmas."

"Wa wapi?"

"Dunga."

"Dunga hapa? Akaenda kufia huko?" Akatikisa kichwa. "Mos, siste. Pole sana. Mzazi yuko?"

"Mama yuko."

Mathews akaandika jina kwenye kipande cha kadi, akakifunga kwenye kishikio cha kisanduku. Kisha akakipokea kisanduku kwa mikono miwili, kiganja kimoja kikikitegemeza kutoka chini, jinsi watu wanavyopokea mtoto ambaye shingo haijakomaa.

"Karibu nyumbani, Dalmas," akakiambia, akaingia nacho ndani.

Mercyline alijikaza hadi nje. Ulikuwa mzaha mkubwa kuliko mizaha yote aliyowahi kuifanya, tena wenye manufaa kwa sayansi. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, naye akageuka kutafuta wa kumsimulia. Mtu wa kumsimulia alikuwa Dalmas. Angeanguka chini kwa kucheka. Angemlazimisha aigize tena ile sauti ya "hiki ndicho tu kilichopatikana". Mercyline akakaa kwenye benchi la wafiwa, na kile kilichomtoka mdomoni hakikuwa kicheko, na mama mmoja asiyemjua akampa kitambaa bila kuuliza.

Jioni Daktari Ndung'u alipiga simu. "Zipo salama?"

"Salama, Daktari."

"Wapi?"

"Mahali penye jenereta, na wakazi wasiofungua-fungua mlango."

Ijumaa stima ikarudi. Daktari alimpitia na gari lake kuukuu, akamwuliza njia, na walipokata kona ya mwisho akapunguza mwendo.

"Mercyline, hii si ni mochari?"

"Ndiyo, Daktari."

Alimtazama, akatazama lango. Kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze akatabasamu. "Dalmas angeipenda hii," akasema, na Mercyline akahisi kifua kimefunguka kidogo.

Mathews aliwapokea rasmi. Alikuwa amevaa shati safi chini ya aproni. Akaingia ndani, akarudi na kisanduku kimefungwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, ncha zake zimekunjwa vizuri kama za zawadi. Akakiweka juu ya meza, akarudi nyuma hatua moja.

"Nimemtengeneza," akasema.

Daktari Ndung'u alikuwa ameshaanza kufungua kitambaa. Mikono yake ikasimama. "Umetengeneza nini?"

"Mzee, alikuwa ameanza kuharibika. Nilifungua nimwangalie, nikapigwa na harufu ya uchachu. Yale maji yalikuwa yamechacha kabisa. Sasa ningemwachaje hivyo, na mama yake yuko hai? Nikayamwaga. Nikasuuza kila kichupa, kimoja kimoja, na maji safi. Kulikuwa na uchafu mweupe umeshika chini, huo haukutaka kutoka, ikabidi nitumie brashi. Halafu nikamtilia fomalini mpya. Huyu sasa haozi hata mwaka."

Jenereta lilinguruma. Daktari akachukua kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kisafi. Kiling'aa. Mtu angeweza kusoma gazeti kupitia kwacho.

"Uliyamwaga wapi?" akauliza kwa upole wa ajabu.

"Pale kwenye sinki. Kuna shida, Mzee?"

Daktari alikwenda kwenye sinki, akasimama akilitazama tundu la maji. Alisimama kwa muda mrefu kupita ule ambao mtu huhitaji kulitazama tundu. Mathews akamgeukia Mercyline, wasiwasi umeanza kumwingia.

"Siste, mimi huwa naongea nao nikifanya kazi. Wengine hapa hawafanyi hivyo. Nilimwambia umemleta vizuri, kwa heshima, peke yako, na wewe bado mtoto. Nilikosea mahali?"

Kuna nyuso ambazo hata mtu mwenye kipaji hawezi kuzivaa. Mercyline aliutafuta uso wake ule akaukosa.

"Hapana," akasema. "Hukukosea. Asante sana."

"Ni kazi tu. Pole tena."

Ndani ya gari Daktari hakuwasha injini. Kisanduku kilikuwa magotini mwa Mercyline, kimefungwa upya kitambaa chake.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ni Dalmas."

"Naye akamtendea kama Dalmas."

"Nigombeze, Daktari."

"Nikishakugombeza nitahesabu nini?"

Walikwenda maabara hata hivyo. Daktari alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulitaka ajaribu. Akakikwangua kila kichupa kwa waya mwembamba, akatafuta chochote kilichosalia kwenye mikunjo ya vifuniko, akadondosha tone juu ya kioo, akapaka rangi, akasubiri. Aliinamia hadubini mpaka shingo ikamwuma. Kisha akasogea ili Mercyline aone.

Kulikuwa na duara la mwanga wa zambarau. Ndani yake, vumbi. Nyuzi za brashi. Kitu kimoja kilichofinyangika ambacho huenda kiliwahi kuwa seli na huenda hakikuwahi. Akasogeza kioo huku na huku jinsi Daktari alivyomwonyesha. Alikuwa anatafuta omena walioanikwa. Ufuo ulikuwa mtupu.

"Pengine kwenye kichupa kingine," akasema.

"Hicho ndicho cha mwisho."

"Lakini wewe unajua alihesabu sawa. Wewe ndiye uliyemfundisha."

Daktari Ndung'u akavua miwani akaifuta na shati. Alionekana mzee kuliko asubuhi. "Nilimfundisha, ndiyo maana sijui. Wakati wa fulu aliwahi kunihesabia vibaya, akabisha hadi akakaribia kulia. Mara nyingine alihesabu sawa, mimi ndiye niliyekosea. Huenda alikosea huko. Huenda aliona kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona. Ningekuwa na seli moja tu nzuri, Mercyline. Moja."

"Basi kesho mwambie Dani alihesabu sawa. Ni maneno tu. Ni bibi wa Dunga, atamwambia nani?"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ameniomba nihesabu. Hakuniomba nimfariji. Angetaka kufarijiwa angemwita mchungaji."

Jumamosi mvua ilijizuia, kwa shingo upande. Watu walijaa uwanjani: kina mama wa ufuoni na leso zao za kikundi, wavuvi, jamaa wa Ahero waliokuja na matope hadi magotini kwa kuwa mto ulikuwa umefurika tena. Jeneza lilikuwa la ukubwa wa mtu mzima, kwa sababu Dani alikataa mjukuu wake apewe la mtoto, na kisanduku kilikaa katikati yake, ndani ya kitambaa cha Mathews, kidogo kama kitu kilichosahauliwa na fundi. Wabebaji walilinyanyua wakitarajia uzito, likaruka juu mikononi mwao. Kijana mmoja karibu acheke. Dorca, ndani ya koti lake, alimtazama, na kijana akainamisha kichwa akaanza kujifanya amelemewa. Wenzake wakamfuata, wakalibeba lile jeneza jepesi hadi kaburini kwa kusuasua na kuhema.

Mchungaji Wandera alisoma, akaomba, akafunga kitabu. Vijana wakashika makoleo. Dani Akello akainua mkono.

"Bado," akasema. "Daktari yuko wapi?"

Njia ikafunguka. Daktari Ndung'u akasogea hadi ukingoni, tai yake imekaa upande. Mercyline akasimama kati yao, mahali pa mkalimani.

Dani hakumtazama mtafsiri. Alimtazama mwanamume yule machoni, na sauti yake ilifika hadi kwa waliosimama nyuma kabisa, penye ua. Mercyline akaigeuza: "Anasema, Daktari, wale wakubwa walisema mjukuu wake hajui kuhesabu. Wewe umefungua, umeangalia. Anauliza, Dalmas alihesabu sawa au alihesabu vibaya?"

Daktari aliongea polepole, kwa Kiswahili safi, ili lisiwepo neno la kupotea.

"Mwambie Dani sikuweza kuhesabu. Seli ziliharibika. Mwambie hakuna mtu atakayejua tena, na kwamba naomba radhi."

Alisema "ziliharibika". Hakusema na nani. Mercyline alisikia nafasi ile tupu aliyoachiwa, pana ya kutosha mtu kuingia akajificha.

Kila mtu pale alikuwa amesikia. Kina mama wa ufuoni huuza samaki kwa Kiswahili kutwa nzima. Wavuvi hutukanana kwa Kiswahili. Mchungaji huhubiri kwacho. Katika uwanja wote ule wenye watu wa kuziba barabara, pengine ni Dani na wazee wawili watatu tu ambao jibu lilikuwa halijawafikia. Wote wakamgeukia Mercyline, alifikishe.

Akamtazama Dani. Mdomo wa bibi ulikuwa umefumbwa kwa nguvu, na kidevu kilikuwa kinatetemeka kidogo, kidogo tu, kama kifuniko cha chungu.

"Anasema," Mercyline akatamka kwa Dholuo, kwa sauti kubwa, "Dalmas alihesabu sawa. Ameviona mwenyewe. Piero ang'wen gabiriyo."

Arobaini na saba.

Mama mmoja wa kikundi aliiangalia mikono yake. Mchungaji Wandera, aliyekisikia Kiswahili na kuielewa Dholuo hata kama hakuizungumza, akakifungua tena kitabu chake mahali popote na kukitazama kwa makini. Kwenye kona ya jicho Mercyline alimwona mama yake akivuta zipu ya koti chini, taratibu, mpaka kifuani, kama mtu anayetaka hewa.

Na Daktari Ndung'u, ambaye Dholuo yake yote ilikuwa ni hesabu, alikuwa ameisikia namba. Mercyline aliliona neno likimfikia. Aliona taya lake likikaza, mdomo ukifunguka, na akasubiri asikie Daktari akimwita mwongo mbele ya kaburi la kaka yake.

Dani akavuta pumzi ndefu. Akasema maneno machache kwa yule mwanamume, akaokota donge la udongo, akalitupa chini. Liligonga ubao, na ubao ukalia utupu wake wote.

"Amesema nini?" Daktari akauliza, bila kumtazama Mercyline.

"Amesema asante kwa kumsaidia kuhesabu."

Vijana walikuwa wameshainama na makoleo yao. Udongo ulikuwa umelowa, ukaanguka kwa mabonge. Daktari aliliacha bonge la kwanza lianguke, na la pili, na mengine kadhaa.

"Mwambie karibu," akasema.

Hilo Mercyline alilitafsiri kama lilivyo.